Maji Hufuata Mkondo: Vijia vya Baiskeli Katika Msitu wa Karura



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa mchezo tu: kuendesha baiskeli msituni. Kila mwisho wa wiki, familia, wanafunzi na vijana wa mitaa hufika kwenye malango ya Msitu wa Karura, wengine wakiwa na baiskeli zao na wengine wakikodisha hapo hapo langoni. Huingia chini ya miti, huteremka bondeni hadi mtoni, hupanda ng'ambo ya pili, kisha hurudi nyumbani wamechoka lakini wamefurahi. Hilo ni jambo jema. Lakini kijia kile kile kinachomfikisha mtu mtoni kinaweza pia kuufikisha udongo wa msitu mtoni. Kikitengenezwa vizuri na kutumiwa vizuri, kinadumu. Kikiachwa hivi hivi, mvua ya msimu mmoja inatosha kukigeuza mfereji, na ya miaka michache kukigeuza korongo.

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa jiji na una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Ndani yake mna miti ya kiasili kama mihugu na mizeituni pori, na pia mikalitusi na misaipresi iliyopandwa zamani kwa ajili ya mbao na kuni. Mito ya Karura, Ruaka na Gitathuru imechimba mabonde yenye kingo za miamba na udongo mwekundu. Katika bonde la Mto Karura mna maporomoko ya maji yenye urefu wa takriban mita 15, na si mbali na hapo mna mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau kujificha. Wanyama nao wapo: kima, mbega, paa, pongo na ndege wengi.

Wakazi wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba msitu huu ulikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda mti kwenye lango la msitu. Habari hizo zilisikika kote ulimwenguni. Mnamo Agosti mwaka huo huo, Rais Daniel arap Moi alitangaza kusitishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata baada ya ushindi huo, kwa miaka mingi watu wengi waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wahalifu. Hali ilibadilika baada ya Shirika la Misitu nchini, KFS, kushirikiana na chama cha jamii kinachojulikana kama Friends of Karura Forest. Uzio wa umeme ulijengwa, walinzi wakawekwa, vijia vikafunguliwa na umma ukakaribishwa. Kuanzia hapo, waenda kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli wamekuwa macho ya msitu. Mahali panapopita watu wema kila siku, mkata miti wa usiku na mnyakuzi wa ardhi hupata shida. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya vijia: msitu unaotembelewa hupata watetezi.

Lakini watetezi hao wana uzito, na baiskeli zao zina magurudumu. Ndipo yanapoingia maswali ya maji.

Asubuhi baada ya mvua kubwa ya Aprili, mtu akisimama kando ya kijia kinachoteremka moja kwa moja hadi mtoni ataona mambo yanavyokwenda. Matone yanayoanguka penye majani makavu na mizizi huzama ardhini polepole. Yanayoanguka kwenye kijia hukuta udongo uliokwisha kushindiliwa na miguu na magurudumu, kwa hiyo hayazami. Hukusanyika, hutafuta njia rahisi ya kushuka, na njia hiyo ni kijia chenyewe. Kadiri yanavyoshuka ndivyo yanavyoongeza mwendo, na kadiri yanavyoongeza mwendo ndivyo yanavyobeba udongo mwingi zaidi. Alama ya tairi moja tu, iliyoachwa kwenye tope jana yake, inatosha kuwa mwanzo wa mfereji. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Swali ni nani anayeuchora huo mkondo.

Udongo huo hauishii bondeni. Maji ya mito ya Karura hatimaye huingia katika Mto Nairobi, na Mto Nairobi huingia katika Athi. Athi ukifika mbali huitwa Galana, kisha Sabaki, nao humwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Wavuvi wa Malindi wanaijua rangi ya bahari wakati wa mvua: huwa nyekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Sehemu kubwa ya udongo huo hutoka mashambani na kwenye miteremko mingi iliyoachwa wazi, wala si kwa waendesha baiskeli peke yao. Hata hivyo, kila mteremko una fungu lake, na fungu la Karura liko mikononi mwa wakazi wa Nairobi.

Habari njema ni kwamba utaalamu wa kutengeneza vijia vinavyostahimili mvua upo, na hauhitaji mitambo mikubwa. Jembe, sururu, reki na jicho linalojua kusoma mteremko vinatosha. Kanuni zake ni chache.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kijia kisiteremke wima. Kikate kilima kwa ubavu, jinsi mkulima wa Machakos anavyochimba matuta ya fanya juu akiufuata usawa wa ardhi. Mafundi wa vijia hutumia kipimo hiki: mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe. Kilima kikishuka mita 2 kwa kila mita 10 za mwendo, basi kijia kisishuke zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10. Kikizidisha, maji huacha kukivuka kijia na huanza kukifuata.

Kanuni ya pili ni kwamba hata penye kilima kikali, wastani wa mwinamo wa kijia kizima usizidi asilimia 10. Vipande vifupi vinaweza kuzidi kidogo, hasa penye mawe, lakini kijia kwa jumla kibaki chepesi. Faida yake ni mbili: udongo unabaki mahali pake, na mzee wa miaka 60 au mtoto wa miaka 10 anaweza kupanda bila kushuka kwenye baiskeli.

Kanuni ya tatu ni kwamba uso wa kijia uinamie kidogo upande wa bondeni. Kwa kijia chenye upana wa mita 1, ukingo wa chini uwe takriban sentimita 5 chini ya ukingo wa juu. Macho hayaoni tofauti hiyo kwa urahisi, lakini maji huiona. Yakifika kwenye kijia huvuka na kuendelea na safari yake kupitia majani, badala ya kukaa na kukusanyika.

Kanuni ya nne ni kwamba kijia kiwe kinashuka, kisha kinapanda kidogo, kisha kinashuka tena. Pale panapobonyea ndipo mlango wa maji. Hata kama maji yameanza kukifuata kijia, yakifika pale hayawezi kupanda, kwa hiyo hutoka. Waendesha baiskeli hupenda mawimbi hayo madogo kwa sababu ya raha yake. Wachache hujua kwamba yaliwekwa kwa ajili ya mvua.

Kanuni ya tano ni kwamba kijia kichongwe ndani ya kilima hadi kwenye udongo mgumu. Kikijengwa juu ya udongo uliomwagwa ukingoni, udongo huo huporomoka mara unapolowa.

Jambo jingine ni kingo za mto. Kanuni za mazingira nchini hulinda ukanda wa kila upande wa mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kulingana na ukubwa wa mto. Ukanda huo ndio chujio la mwisho. Mizizi yake hushika ukingo, na majani yake huzuia udongo usiingie majini. Wakazi wanakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu na kubomoa nyumba kando ya mito ya jiji. Mto unaojazwa udongo hupungukiwa na nafasi ya maji. Kwa hiyo kijia cha baiskeli hakina sababu ya kuandamana na ukingo wa mto kwa mwendo mrefu. Kifike mtoni mahali palipochaguliwa, kivuke kwenye daraja, kisha kiondoke. Anayetaka kuyaangalia maporomoko aegeshe baiskeli na kutembea.

Kijia kizuri kinaweza kuharibiwa na matumizi mabaya. Uharibifu wa kwanza ni njia ya mkato. Mtu mmoja anakata kona ili aokoe sekunde chache. Wa pili anaona alama za tairi na kufuata. Wa kumi anadhani ndiyo njia yenyewe. Mvua ikinyesha, hiyo njia ya mkato iliyoshuka wima ndiyo inayochimbika kwanza, nayo huteka maji yote ya kijia halali. Usipoziba ufa utajenga ukuta: njia ya mkato huzibwa kwa matawi na majani siku ile ile inapoonekana, kwa dakika chache. Ikiachwa mwaka mzima, itahitaji mawe, mifuko ya udongo na siku nyingi za kazi.

Uharibifu wa pili ni kuzunguka dimbwi. Anayelizunguka hukanyaga miche ya pembeni, anayemfuata huzunguka mbali zaidi, na kijia cha mita 1 huanza kupanuka kama barabara. Dimbwi dogo livukwe katikati, polepole. Dimbwi likiwa kubwa, ni ishara kwamba maji hayana mlango wa kutokea, na wasimamizi wa msitu waarifiwe.

Uharibifu wa tatu ni kuendesha wakati wa tope. Udongo mwekundu wa Karura ukilowa huteleza kama sabuni na hunata kwenye tairi. Kipimo ni rahisi: gurudumu likiacha mtaro mahali lilipopita, kijia hakijawa tayari. Heri kurudi na kuja siku nyingine. Wakati wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, subira ya siku moja au mbili jua likiwaka huokoa kazi ya miezi. Wasimamizi wakifunga kijia baada ya mvua, hawamwonei mtu.

Uharibifu wa nne ni kubana breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika. Kila mburuzo hukwangua udongo wa juu. Mwendesha baiskeli stadi hupunguza mwendo kabla ya kona, kwa breki zote mbili, na gurudumu huendelea kuzunguka.

Zaidi ya udongo, kuna watu. Karura ni ya waenda kwa miguu, wakimbiaji, wazee wanaotembea kwa ushauri wa daktari, watoto wanaosukumwa kwa vigari, na waendesha baiskeli. Historia ya mchezo wenyewe ina funzo. Baiskeli za milimani zilishika kasi katika miaka ya 1970, kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais, katika jimbo la California nchini Marekani. Vijana waliteremka kwa kasi katika njia zilizozoewa na watembea kwa miguu na wapanda farasi. Malalamiko yakazidi, na katika miaka ya 1980 njia nyingi za eneo hilo zikafungwa kwa baiskeli. Mchezo huo uliingia Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, mjini Atlanta, huku kule ulikokulia mabishano juu ya njia yakiwa bado yanaendelea. Adabu ikipotea njiani, kinachofuata ni marufuku, na marufuku humuumiza hata yule asiye na kosa.

Adabu yenyewe si ngumu. Mwendesha baiskeli humpisha mwenda kwa miguu. Anayeteremka humpisha anayepanda. Kila mtu hukaa upande wa kushoto, na anayetaka kupita hupiga kengele mapema, hupunguza mwendo, na kusema, "Samahani, naomba kupita." Vijia vilivyotengwa kwa miguu peke yake viachiwe wenye miguu. Wanyama wasilishwe wala kukimbizwa. Na tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini, kwa hiyo maji yabebwe kwenye chupa ya kudumu.

Kuhusu usalama, helmeti ni lazima hata kwa anayejiona bingwa, kwa sababu mizizi na mawe hayajui bingwa. Breki na upepo wa magurudumu vikaguliwe kabla ya kuondoka nyumbani. Pampu ndogo na vifaa vya kuziba pancha viwe mfukoni. Njia panda za Karura zimewekewa nguzo zenye nambari, na kila anayepita afanye mazoea ya kuisoma nambari. Mwenzake akianguka na kuvunjika mkono katikati ya msitu, kusema "tuko karibu na mti mkubwa" hakutamsaidia mwokoaji, lakini nambari ya nguzo itamleta moja kwa moja. Simu ya dharura ni 999 au 112.

Wapo wanaouliza faida ya haya yote kwa kijana wa mtaani asiye na baiskeli ya bei ghali. Jibu moja liko karibu, Kikuyu, kaunti jirani ya Kiambu. Huko, mwendesha baiskeli David Kinjah amewalea vijana wengi kupitia kikundi cha Safari Simbaz, wakijifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli. Mmoja wa vijana waliofunzwa naye ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanza kwa baiskeli ya milimani kwenye njia za udongo. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2006 mjini Melbourne, na baadaye, akiiendeshea Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Si kila kijana atafika huko. Lakini fundi wa baiskeli, mkodishaji, kiongozi wa wageni, mtunza vijia na mlinzi wa msitu wote hupata riziki mahali ambapo vijia vinadumu. Vikiharibika, kazi hizo nazo huondoka.

Je, kaunti na wakazi wana nafasi gani? Msitu wa Karura husimamiwa na KFS kwa niaba ya umma, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu kuwa washirika katika usimamizi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti majukumu ya michezo, bustani za umma, utalii wa humu nchini, na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Mambo haya yote yanakutana kwenye kijia kimoja cha baiskeli.

Mkazi anaweza kufanya mambo manne. Anaweza kujiunga na chama cha jamii cha msitu. Anaweza kujitolea siku ya kazi, kushika jembe na kufungua milango ya maji kabla mvua hazijaanza. Anaweza kuripoti kijia kilichochimbika, akitaja nambari ya nguzo iliyo karibu. Na anaweza kuhudhuria vikao vya ushirikishaji wa umma, ambako mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano na bajeti ya kila mwaka hujadiliwa. Pakitolewa pendekezo la kijia kipya katika bonde lolote la mto jijini, swali la kwanza lisiwe kitavutia wageni wangapi, bali mvua ikinyesha, maji yatatokea wapi? Mwenye pendekezo akiwa na jibu, mengine yajadiliwe. Akikosa jibu, arudi akapime mteremko kwanza.

Msitu huu uliokolewa na watu waliokubali kuumizwa kwa ajili ya miti. Kizazi cha sasa hakiombwi kumwaga damu. Kinaombwa kushuka kwenye baiskeli penye ukingo wa mto, kungoja tope likauke, kuziba njia ya mkato kwa matawi mawili matatu, na kumpisha bibi anayetembea na mjukuu wake. Wakifanya hivyo, mjukuu huyo akikua atakuta kijia kipo, na mto ulio chini yake ungali na maji.